Sauti ya Nakiru wa Namoruputh

Nyinyi mnaobaki pale ofisini Lodwar mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, ili anayeajiriwa leo apate pa kuanzia. Nitaandika juu ya kurekodi sauti, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua. Mikutano siikumbuki, na sidhani kama hata waliokuwa wakiiitisha wanaikumbuka.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimeambiwa ni kazi ya ofisi. Fundi wa sauti, Mzee Aroko, aliniangalia miguu, akaingia stoo na kutoka na akala za matairi ya gari. Mchana huohuo tulikuwa juu ya pikipiki tukielekea kwa mzee mmoja aliyekuwa akijua kisa cha mlima wa kwao. Akala zilikuwa kubwa na ziliniuma, lakini nilizivaa mpaka zikakatika.

Kazi yetu ilikuwa kukusanya masimulizi ya kale ya Waturkana: milima ilivyopata majina, koo zilivyoachana, mawe ambayo zamani yalikuwa watu. Tulikuwa na mashine moja ya kaseti, kubwa kama mkate, na chumba cha mabati kilichokunja kaseti kwa joto. Aroko alizihifadhi ndani ya mtungi uliofukiwa nusu ardhini. Kinga ya upepo ya maikrofoni aliishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, manyoya yakiwa nje. Nimewahi kutumia kinga za kununua zilizotoka ng'ambo. Hazikuishinda, ila hazikuwa zikinuka mvua ikinyesha.

Alinifundisha kurekodi mahali kabla ya kumrekodi mtu. "Washa, unyamaze," alikuwa akisema. "Shika upepo wa hapo, mbuzi wa hapo, watoto wa hapo. Baadaye ukikata neno utabaki na pengo, na ukimya wa Lodwar hauzibi pengo la Lokiriama." Tena alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza: mtu akikohoa, akigombeza mbuzi, akiomba maji, usikate. "Hicho ni chake. Wewe umekuja kuchukua hadithi, hukuja kumsafisha."

Kulikuwa na kazi ngumu. Lokori, siku ya soko, tulimkuta mzee aliyekuwa anasifiwa kwa kisa cha fisi na mwezi. Alisimulia vizuri mpaka katikati, akatokea mnunuzi wa mbuzi, akainuka akaenda naye. Hakurudi. Mwaka uliofuata tulimkuta palepale sokoni. Nilipowasha mashine aliendelea na sentensi aliyoiacha, kama mtu aliyekuwa ameenda kutema mate. Kuunganisha vipande hivyo viwili kulinitoa jasho, maana sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko mwaka mmoja. Ulikuwa mwaka wa kiangazi.

Aroko alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mwishoni alikuwa haoni vizuri, lakini nikimpelekea kanda hospitalini alijua imerekodiwa wapi kabla mtu hajafungua mdomo. Baada yake zilikuja rekoda za kidijitali, zinazoingia mfukoni, nami nikawa fundi.

Halafu wakaja watalii, na simu. Tuliambiwa masimulizi yasikae tena kwenye makabati. Tukaweka vibao penye mawe na vilima, kila kimoja na alama ya kuskani, mgeni aielekeze simu yake asikie kisa cha mahali aliposimama. Lilikuwa wazo zuri na bado naliona zuri. Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke, watu wazima. Waliskani, wakasimama juani wakitazama kile kiduara kinachozunguka kwenye simu, mtandao haukuja, wakaenda zao. Tulipowauliza, walisema utulivu wa pale uliwagusa sana. Ripoti iliandikwa kwamba wageni waliridhika.

Sasa nifike kwa Nakiru.

Kisa cha Nayeche mnakijua, lakini nakiandika kwa atakayesoma akiwa mgeni. Zamani watu wetu walikuwa magharibi, juu, upande ambao leo ni Uganda. Fahali mmoja alipotea. Mwanamke aitwaye Nayeche akafuata nyayo zake, akashuka mpaka huku chini, akamkuta fahali kwenye maji, chini ya kilima ambacho leo kinaitwa kwa jina lake, na akakuta matunda ya porini. Vijana waliotumwa kumtafuta fahali wakamkuta amekausha matunda, akawalisha. Walirudi kueleza, wengine wakashuka, na ndio sisi. Kila msimulizi ana sehemu yake ya kisa anayokaa nayo zaidi. Wengine hukaa kwenye fahali, wengine kwenye vijana. Nakiru wa Namoruputh alikaa kwenye njaa: chungu kilivyokuwa kikavu, aliowaacha Nayeche kwa sababu hawakuweza tena kutembea, na alivyokula matunda ya kwanza huku akilia kwa kuwa hakukuwa na wa kumpelekea.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, mwanamke mrefu, mkavu, shingo imejaa shanga. Kiangazi kilikuwa cha pili mfululizo na mbuzi waliobaki walikuwa wamelala, hawana haja ya kuchungwa. Tulizungumza Kiturkana, hapa naandika kwa Kiswahili.

"Hao wageni watanisikia wapi?" aliuliza.

"Kwenye simu zao, wakifika kilimani kwa Nayeche."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Hapa nyumbani. Na siku usipokuwapo duniani, bado watakusikia."

Alifikiri kidogo. "Sawa. Lakini njaa usiikate. Mtu ameshiba, akisikia mwanamke alimfuata fahali tu, atadhani alikuwa anatembea kama yeye."

"Sitaikata."

Nilirekodi mahali, kama nilivyofundishwa, kisha nikamrekodi yeye. Katikati alikohoa, akaomba maji. Nilimpa chupa yangu. Alikunywa funda moja, akafunga kizibo, akaiweka nyuma yake kwa ajili ya wajukuu, akaendelea. Mwishoni alirudia kwamba njaa isikatwe. Yote hayo yamo.

Mvua haikuja. Nilipopita tena upande wa Loima, huko Namoruputh, na magari ya chakula cha msaada, Nakiru alikuwa amekonda hata shanga zimelegea shingoni. Chakula alichopewa aliwapa wajukuu, na alijua kwamba najua. Alikufa kabla ya mvua. Hakufa kwa ugonjwa wenye jina. Habari ilinifikia kwa simu ya binti yake, Arupe, anayeishi Kakuma na kuuza makaa karibu na kambi ya wakimbizi.

"Mama ametuacha," alisema. "Nimeona niwaambie watu wa redio pia."

Nilimwambia sisi si watu wa redio. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alisema asante, akakata.

Wakati huo mradi ulikuwa umepata mshauri kutoka Nairobi, kijana mpole aitwaye Kevin, na rekodi zote tulikuwa tumezipeleka kwake zisafishwe na kuwekewa picha. Kazi ya kuchanganya sauti alipewa Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyejifunza kompyuta palepale kambini. Mimi ndiye niliyemfundisha masikio, na alikuwa na masikio mazuri kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi baada ya Aroko. Aliwahi kuniambia kwamba kwao alikimbia akiwa mdogo na sauti ya mama yake ameisahau kabisa. Uso anaukumbuka, sauti hapana. Aliliona hilo kama deni ambalo hajui amlipe nani.

Siku moja alinipigia. "Madam, nani alifundisha huyu bibi Kizungu?"

"Bibi gani?"

"Wa Namoruputh. Ameniletea faili yake leo, huyo Kevin. Anaongea Kizungu safi. Hata Kifaransa iko."

Nilimwambia anichezee kwenye simu. Ilikuwa sauti ya Nakiru. Mkwaruzo wake ulikuwepo, na namna alivyokuwa akishusha sauti mwisho wa sentensi. Ilikuwa ikisema kwa Kiingereza kwamba inawakaribisha marafiki katika nchi ya mama zetu, na kwamba Nayeche alikuwa msichana shujaa aliyependa kujua dunia iko vipi ng'ambo ya milima.

Nilimpigia Kevin.

"Ni akili unde, Madam," alisema bila kuficha. "AI. Tumeipa rekodi zake ikajifunza. Sauti ni yake, hatujaigusa."

"Na maneno?"

"Maneno tumeyaboresha."

"Alisema njaa isikatwe. Yuko kwenye rekodi akisema."

"Nimeisoma kwenye tafsiri. Lakini wageni wako likizo, Madam. Mtu hajatoka kwao mbali hivyo aje kusikia watu wanakufa njaa."

"Aliyesimulia amekufa njaa."

Akasema pole, na naamini alimaanisha. Kisha akasema uzinduzi ni wiki hiyohiyo, mgeni rasmi ameshathibitisha, na familia ya marehemu imealikwa iketi mbele.

Mkurugenzi wetu alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia kwamba hakujua, kwamba jambo hilo si zuri, na kwamba kusimamisha uzinduzi sasa kutaiaibisha kaunti nzima. Tungezungumza baadaye. Niliona kwamba hakuna baadaye, nikapanda gari la Kakuma.

Arupe nilimkuta karibu na ukingo wa laga, ule mto mkavu wa Tarach, ameketi katikati ya magunia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Ana macho ya mama yake. Nilimwamkia, ejok, akaitikia, akanisogezea kibao cha kukalia.

"Wamemfanya mama azungumze Kiingereza," nilimwambia.

"Nani?"

"Wenye mradi. Kwa mashine. Sauti ni yake, lakini maneno hakusema."

"Anasema nini?"

"Anakaribisha wageni."

"Wapi?"

"Huku kwetu. Turkana."

Alifunga gunia alilokuwa akilijaza, akakaza kamba. "Hana mahali pa kukaribishia mtu," alisema. "Ile nyumba imeanguka."

Nilimwambia si lazima aje Lodwar, na akitaka nitasema ni mgonjwa. Alisema atakuja. Mtu akisikia mama yake anaongea mahali, atakosaje kwenda?

Uzinduzi ulifanywa katika ukumbi wa hoteli moja karibu na mto Turkwel. Kulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa, watu wa kampuni za utalii, waandishi wa habari, na skrini kubwa. Arupe alikalishwa mstari wa mbele na wanawe wawili. Alikuwa amenawa mikono, lakini makaa hayatoki yote kwenye kucha. Nyandeng alikuwa amesafirishwa kutoka kambini na kibali maalumu aje kusimamia sauti, na alikuwa nyuma, mezani, na mashine zake. Tulitazamana.

Taa zilizimwa. Fahali wa kuchorwa akatembea kwenye skrini, msichana mzuri akamfuata, na sauti ya Nakiru ikajaa ukumbi.

Nilikuwa nimemwambia Arupe kila kitu. Nadhani hakuna mtu anayeweza kuambiwa jambo kama lile akawa tayari. Mtoto wake mdogo alisimama juu ya kiti akageuka kutafuta bibi yuko upande gani. Arupe naye akasimama.

"Toto," alisema.

Kwetu toto ni mama. Wale wa Nairobi waliokuwa karibu yake walisikia Kiswahili, wakadhani anamwita mwanawe aketi, na mmoja akamsaidia kumketisha mtoto.

"Toto, ni mimi. Arupe."

Sauti iliendelea. Ilisema matunda ya porini yalikuwa matamu kama asali. Arupe alingoja, kama mtu anavyongoja mwenzake amalize ndipo ajibiwe, kisha akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, na baadhi ya watu wakaanza kupiga makofi. Walidhani imepangwa. Mgeni rasmi alipiga pia.

Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea nyuma, lakini Nyandeng hakuningoja. Aliishusha sauti taratibu mpaka ikaisha. Fahali akaendelea kutembea bila mlio wowote, na katika ukimya ule wote tukamsikia Arupe peke yake.

Kevin alifika mezani mbio. "Kuna shida ya umeme?"

"Umeme iko," Nyandeng alisema. "Shida ni ingine."

"Rudisha, tafadhali. Watu wanangoja."

"Mimi siwezi. Weka mwenyewe."

Hakuiweka. Nitamsifu kwa hilo. Alimtazama yule mama aliyesimama mbele na watoto wake, akakaa kwenye kiti cha karibu, akashika kichwa. Taa ziliwashwa, mkurugenzi akasema kumetokea hitilafu ndogo, na chakula kikaletwa mapema.

Nyandeng hakupewa kazi nyingine. Hakuna aliyemfukuza, simu tu zilikoma. Mimi nilikuwa nimekaribia kustaafu, na mtu anayekaribia kustaafu huachwa. Nilizunguka na ombi lake la kazi kwa kila niliyemjua na sikupata kitu. Kambini kazi kama ile haipatikani mara mbili, na mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akisuka nywele za watu nje ya duka la Msomali, na hakutaka tuzungumze mambo ya sauti.

Lakini kabla ya hapo alifanya jambo moja. Rekodi yangu ya kwanza ya Nakiru, nzima, alikuwa nayo kwenye kompyuta yake. Tulimwita Arupe nyumbani kwa Nyandeng kambini, tukaketi watatu chini ya mabati, tukamchezea. Ule upepo wa Namoruputh ukaanza, kengele ya mbuzi, mtoto akilia mbali. Kisha Nakiru. Arupe alisikiliza akiwa ameinama. Ilipofika njaa, aliowaacha Nayeche, chungu, alianza kutikisa mwili kidogo mbele na nyuma. Ilipofika pale mama yake anapokohoa na kuomba maji, aliinua mkono kama anayetaka kupokea kitu, akaushusha.

"Huyu ndiye," alisema. "Yule mwingine hasikii kiu."

Nyandeng alisimamisha. Alikuwa akilia bila kujificha. "Una bahati," alimwambia kwa Kiswahili. "Mimi yangu hakuna hata moja."

Arupe alimshika kiwiko cha mkono, wakakaa hivyo. Nilitaka kumwekea rekodi ile kwenye simu yake. Alikataa. Alisema akiwa nayo ataisikiliza kila siku, na makaa hayajiuzi. Ikae ofisini, siku watoto wakiwa wakubwa watakuja kuiomba. Ipo. Mnajua ilipo. Wakija, wapeni nzima, na kikohozi chake.

Mkurugenzi alitimiza neno lake la kuzungumza baadaye. Sauti ya mashine iliondolewa kwenye vibao vyetu vyote, na Kevin alikuja mwenyewe Kakuma kumwambia Arupe. Nilikuwepo. Alimweleza pia lile ambalo hakutaka kulieleza: kabla ya uzinduzi kampuni za utalii za nje zilikuwa zimeshapewa faili, zimeiweka kwenye programu zao za simu, na hizo sisi hatuna uwezo nazo. Alikuwa amewaandikia. Wawili walijibu, wengine hawakujibu.

"Kwa hiyo iko wapi?" Arupe aliuliza.

"Kila mahali, mama. Siwezi kukudanganya."

Arupe aliitikia kwa kichwa, akamuuliza kama amekula.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Kakuma kumuaga. Alikuwa palepale kando ya laga. Alinisimulia kwamba gari la wageni lilikuwa limesimama hapo siku chache nyuma. Walishuka kupiga picha wanawake na magunia, na simu ya mmoja wao ilikuwa imewashwa, na ndani ya simu alikuwa mama yake, akiwakaribisha.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Niliwauliza kama wananunua makaa."

"Wakasemaje?"

"Hawakusikia. Walikuwa wanamsikiliza yeye."

Mteja alifika akaanza kubishana kuhusu gunia. Arupe alimpimia, akapokea, akarudi kuketi. Aliniuliza kama ni kweli naacha kazi. Nilimwambia ndiyo, Ijumaa.

"Basi pumzika," alisema. "Umefanya kazi muda mrefu. Mama bado anafanya."